Mara Kumi na Tisa

Kila Jumatatu, kabla chai haijapoa,
nafungua hesabu ya wiki: nani kasoma nini,
kakaa muda gani, kaondokea aya ipi.
Ofisi yetu iko juu ya duka la mbegu, hapa Kiusa,
na harufu ya dawa ya mahindi
hupanda ngazi mara nyingi kuliko wageni.

Makala yangu ya bei ya kahawa
(wiki tatu, safari mbili Kibosho,
mhasibu aliyeficha daftari nikalipata)
imefunguliwa na watu mia mbili na kumi na wawili.
Wastani wa kukaa: sekunde kumi na moja.
Kwa muda huo hata chumvi haijayeyuka kwenye mtori.

Aikande kaandika jinsi bibi yake anavyotunza
maharage ya mbegu kwa jivu.
Elfu nne na ushee. Dakika sita kila mmoja.
Wengine wamerudi tena, nadhani jivu likiwa tayari mkononi.
Nilimpongeza. Kwa meno tu, lakini nilimpongeza.

Ndipo nikashuka chini kabisa, nisikofikaga,
nikakuta tangazo la msiba la mwezi wa tatu:
Bi. Ndeambilisia wa Uru,
maziko Alhamisi, saa nane mchana.
Mistari minne.
Tangu azikwe limefunguliwa mara kumi na tisa,
na simu moja,
siku zote saa nane. Ya usiku.

Namba haisemi ni mtoto au ni mdeni.
Haisemi kama anasoma au anatazama tu.
Na mimi wiki ile nilipanga kufuta matangazo ya zamani;
yanakula nafasi, nilimwambia Aikande,
nani anayasoma?

Nikalisoma mwenyewe, polepole,
kama achambuaye mchele wa wageni.
Tulikuwa tumekosea jina.
Ndeambiliasia. Tulikuwa tumekula *a* moja,
herufi ndogo kama punje ya ulezi,
na kuna mtu alikuwa akija usiku
kuangalia kama imeota.

Nikaipanda. Sikumwambia mtu.

Usiku ule, mara ya ishirini: dakika arobaini.
Kesho yake sifuri.
Kesho kutwa sifuri.
Mpaka leo sifuri,
nami, na cheti changu cha takwimu ukutani,
sijui kama ni sifuri ya aliyeondoka
au ya aliyepata usingizi.