Dakika Nane za Somoe Nahembe

Liponda, njoo na kamera moja, ile ndogo.
Kubwa iache Mtwara mjini,
watu wasije wakadhani tumetumwa na wizara.
Filamu ni dakika nane, siku yake ya kazi saa kumi na nne.
Itabidi tuwe wachoyo.

Tuanze saa kumi na moja alfajiri, Tandahimba,
ukungu bado umeilalia mikorosho,
naye anasukuma kwa kiuno mlango wa chumba cha upasuaji
maana mikono yote miwili ina ndoo.
Usimpokee.
Najua mama yako alivyokulea, lakini usimpokee.
Maji huku juu ni nusu ya hadithi.

Yeye si daktari, liandike hilo mapema.
Ni muuguzi wa usingizi.
Daktari huja, hupasua, hushona, huletewa kuku wa shukrani.
Yeye hapewi hata yai.
Nani atamkumbuka mtu
aliyekutana naye akiwa hayupo?

Sasa sikiliza, hapa ndipo niliponasa.
Wengine humwambia mgonjwa ahesabu kuanzia kumi, arudi nyuma.
Somoe humwambia: "Nihesabie mikorosho yako."
Na watu huhesabu!
Mmoja wa mpakani, wa pili wa siku ya jando la Mfaume,
wa tatu yule mkaidi, salfa haimwingii…
Hakuna aliyewahi kufika thelathini.
Tajiri mmoja wa Mahuta, mwenye ekari hata yeye hazijui,
alizimika kwenye wa kumi na saba.

Nilitaka picha hiyo ifungue filamu:
midomo, karibu kabisa,
namba zikilegea kama fundo la kanga.
Nikamweleza. Alikuwa anakula muhogo, amesimama.
Akasema, "Mdomo huo saa ile hauna mwenyewe.
Ruhusa utamwomba nani?"
Nikasema tutaiomba kabla, kwa karatasi, kwa saini.
Akamaliza muhogo. Akanawa.
"Mwenye maumivu husaini chochote, mwanangu.
Kawaulize wanunuzi wa kangomba."

Basi futa picha ya kwanza.
Kamera ikae koridoni, chini sakafuni,
itazame kandambili za mgonjwa zilizovuliwa mlangoni.
Sauti je? Nilimuuliza.
Alikaa kimya, nikasikia jenereta likikohoa nyuma ya maabara.
"Namba tu," akasema. "Habari za miti usizitoe.
Huku watu wanajuana kwa mikorosho."

Umeme ukikatika, na utakatika,
uso wako usionyeshe furaha.
Atashika mfuko wa hewa, atauminya kwa mkono,
minya, achia, minya, achia,
huku akimuuliza daktari bei ya mnada wa jana.
Mkono huo tumeruhusiwa. Mkono ni wake.
Upige mpaka uanze kutetemeka,
na ukibadilisha kulia kwenda kushoto, usipitwe.

Mahojiano hakuna. Nilimwomba mara tatu.
Alisema anayezungumza kazini kwake ni mgonjwa,
yeye kazi yake kusikia wapi maneno yanaishia.

Kuna jambo sijamwambia, wewe nakwambia.
Mwaka juzi mama alipita mikononi mwake.
Mimi nilikuwa kwenye benchi lile lile, mlango haukufungwa vizuri,
nikamsikia akihesabu: saba, nane, tisa.
Nikasubiri anyamaze. Yetu ilikuwa imebaki tisa.
Akasema kumi.
Akasema kumi na moja, kumi na mbili,
polepole, kama anayepita shambani akiigusa,
na kumi na tatu, ndipo akalala.
Minne ile tuliiweka rehani usiku wa kuamkia siku hiyo,
tupate gari la kumleta.

Hilo halimo kwenye filamu.
Nakwambia ili ujue kwa nini zile kandambili
nazitaka zikae sekunde ishirini nzima.
Utaona zimezidi.
Usikate.