Kilo ya Valiko

Theluji imeshaganda,
mto Rioni wakonda,
ng'ombe hawawezi kwenda
malisho, wa mabandani.

Huko Racha, ya Jojia,
Eteri alibakia
na duka la kuuzia
jibini kwa majirani.

Mumewe, jina Valiko,
alikufa na kicheko,
akaacha tu mfuko
wa chumvi, jiwe, mizani.

Jiwe la kilo, la chuma,
kwalo watu walipima
miaka mingi mizima
bila neno mdomoni.

Siku moja, Jumatatu,
akilisugua kutu,
akaona chini kitu
cheupe mle shimoni.

Ni nta! Akakwangua
kwa kisu, akainua
jiwe, na akatambua
limetobolewa ndani.

Gramu sitini pungufu.
Zidisha mara maelfu.
Na yule bwana nadhifu
aliimba kanisani!

"Mto uko," akawaza,
"nilitupe kwenye giza,
nani wa kuniuliza?
Mwenye kosa kaburini."

Saa nane akatoka,
kwenye daraja kafika,
mkono ukainuka,
ukabakia hewani.

Hapakuwa na sauti,
wala malaika, eti.
Ni yeye na lake koti
na ile amri moyoni.

Aliipata kwa mama,
zama dini kuisema
ilikuwa ni lawama,
kwa mnong'ono jikoni.

Mama hakufafanua;
alizidi kuchambua
maharage, akajua
mbegu huota gizani.

Akarejea na jiwe,
akisema: "Bwana, niwe
mtii, nisichelewe:
nianze kwa nyumba gani?"

Asubuhi kwa Kirile,
padri mwenye ndevu tele:
"Mumeo, mwache alale,
washa mshumaa ndani."

Akajibu: "Baba, nta
ndiyo mama wa matata;
haiwezi kuyafuta
hata nikiwasha tani."

Akauza ng'ombe wake,
akatwaa vitu vyake:
daftari, gunia lake
la jibini, mgongoni.

Kila nyumba, hodi hodi,
haji kutoa zawadi,
ni haki yao kurudi
iliyokatwa zamani.

Lamara akatukana,
mlango akaubana.
Gocha akacheka sana,
akashika kidevuni:

"Miaka yote najua!
Nami nilikuuzia
maziwa nikitilia
maji ya mto, jamani."

Kicheko kikakatika.
Uso ukamkunjika,
akaingia, katoka
na noti za mkebeni.

Na Tsiala keshalala
udongoni, hana kula;
haki yake, bila hila,
aliiweka jiweni.

Akaja paka wa padri,
akanusa kwa hadhari,
akala bila kukiri,
akajilaza juani.

Eteri akamcheka,
cheko la kwanza kwa mwaka;
gunia limepunguka,
hakuna zito begani.

Je, huyo ni mwenye haki?
Mwenyewe hajitamki;
husema: "Mengi yabaki
nisiyoyaona ndani."

Na jiwe hakulitupa.
Shimo li wazi, ni kapa,
lamkumbusha kulipa
pale pale dirishani.

Akiuza siku hizi
hupima bila ajizi,
huongeza kama uzi
wa ziada sahanini.

Nami nitungaye haya
kwa nane, naona haya:
mstari wangu wapwaya,
nimeuziba kwa nini?

Msomaji, lichukue
shairi, uligeue,
chini yake, likwangue.
Pana nta? Na nijue,
nije nilipe mizani.