Tope Jeusi

Somoe Nampunju aliniuliza mara moja tu,
maji magotini, gimbi mkononi:
"Hili, bibi shamba, tule au tusile?"
Nikamwambia asubiri. Tumesubiri wote tangu Mei.

Juu ya bonde kuna kinu cha mkonge kilichokufa.
Mashine zake hujikojolea kutu kila masika,
na betri nne za trekta zimepasukia chini ya mkorosho.
Risasi imeteremka Mingoyo bila nauli.
Ilipofika topeni, ikanyamaza.

Tope la huku likikosa hewa lina tabia yake:
linanuka yai viza, na harufu hiyohiyo ndiyo kufuli.
Salfa, ndugu wa ile tunayopulizia mikorosho,
inaikamata metali, inailaza nyeusi
kama masizi tumboni mwa chungu.
Matete nayo hayakulala. Yanavuta pumzi juu,
yanaishusha kwa mirija mpaka mizizini,
na mizizi inavaa shati la kutu
linalonasa sumu mlangoni.
Nilisugua mmoja kwa kidole gumba;
kidole kikabaki na hina.

Kumbe mmea hauchagui peke yake. Maji nayo yana kauli.
Bamvua likisukuma chumvi mpaka huku ndani,
kadimi inauacha udongo, inashikana mkono na chumvi,
inapanda shina kama mgeni aliyealikwa.
Uchachu kidogo tu, wa ndimu, na zinki inaachia.

Haya nayajua sasa.
Mwaka juzi nilisimama hapa na kofia ya halmashauri,
nikasema: chimbeni mfereji, toeni maji, pandeni kunde.
Wakachimba siku tisa, kwa majembe yao wenyewe.
Harufu ikaondoka, tukapiga vigelegele.
Tope likapasuka, likawa rangi ya tofali,
karatasi ya kupimia ikawa nyekundu mkononi mwangu
na mimi nikaandika: bonde limepona.
Kimya kingi kina mshindo.
Nilikifungulia mlango mwenyewe.

Majibu ya maabara yamefika Jumanne, kurasa mbili.
Gimbi la upande wa maji: kidogo.
La kando ya mfereji: mara sita.
Somoe hakuziangalia namba. Aliniangalia uso.
"Kwa hiyo tuuzibe."
Alikwisha kushika jembe.
Bonge la kwanza aliloangusha lilikuwa kavu, jekundu.
Lilielea kidogo,
likatoa mapovu,
likazama.