Chai ya Batumi

Ukumbi huu hauna saa wala dirisha.
Mvua ya Bahari Nyeusi tunaijua
kwa makoti ya wanaoingia.

Tsisana huagiza chai kabla ya kete.
Kipande cha limau, sukari pembeni.
Miaka mitatu tunaketi meza moja
na sijamuuliza kwa nini haagizi ya pili.

Leo gurudumu limempenda:
kumi na saba, tena kumi na saba,
kete zimerundikana hadi kwenye kiwiko.
Mturuki wa malori akapiga makofi,
nami, niliyekwisha kuliwa hadi lari ya basi,
nikapaza sauti: Ongeza, mama, meza imeshika moto!

Akanyoosha mkono kwenye glasi.
Baridi. Imejaa pomoni.
Akaitazama kama mtu aliyesahau mtoto shuleni.

"Kuketi rahisi," akasema, "kuinuka ndiyo ngoma."
Akainuka.
Akamwachia Zurabi wa gurudumu kete moja,
akavaa koti lililokwisha kukauka.

Gololi ikazunguka. Sikuona ilipoangukia.
Nilikuwa naitafuta glasi yangu:
ipo chini ya kiti, sijui tangu lini,
na ndani yake mtu kazima sigara.