Kituo cha Kumi na Moja

Tulifukia koili tatu nje ya Sinaw:
moja kaskazini, moja mashariki,
ya tatu wima, kama maiti aliyekataa kulazwa.
Kisha vyungu vinne vya mrututu
tukavikalisha kwenye tope la chumvi.
Hamdun, mchunga mbuzi, akaniuliza
mbona naunywesha mchanga
na mitende ya babu yake ina kiu.

Sikuwa na jibu la kumfaa.
Nikamwambia: jua hupiga mbinja,
sumaku ya dunia hushtuka,
na ardhi, bila kutaka, hujibu kwa mkondo
usiotosha kuwasha taa ya saa.
Mbinja nyembamba huishia ngozini mwa mwamba.
Ile nzito, ya pumzi moja kwa saa nzima,
hushuka asikofika mchimba falaji.

"Kwa hiyo mnasikiliza tu?"
Tunasikiliza tu.

Usiku wa pili ngamia alitafuna waya.
Usiku wa tatu jua lilichafuka,
mistari ikarukaruka kwenye kioo mpaka alfajiri,
nami nikanywa kahawa kwa Bi Ghuneima
ambaye Kiswahili chake cha Ng'ambo
kimekauka kama ng'onda
na ladha yake ipo palepale.

Kila kituo nimekichorea mshale.
Kutoka Ibra kuja huku yote yaelekea baharini,
maana chumvi ya bahari huuita mkondo kwa mbali,
milima ikiwa katikati.
Yote, isipokuwa wa kumi na moja,
nyuma ya jiko la Bi Ghuneima:
huo umeipa bahari kisogo.

Kompyuta inasema maji ya chumvi, kilomita mbili chini.
Au risasi nyeusi ya penseli.
Au mshipa wa shaba usiowahi kuonja moto.
Namba zilezile, majibu matatu,
wala haioni haya.

Nilimwonyesha Bi Ghuneima karatasi.
Hakuuliza kuna nini chini.
"Wanangu," alisema, "wanadhani natazama pwani.
Tangu nimzike Nasor hapa
sijageuza shingo."
Akanirudishia karatasi, akaenda kuepua chungu.

Ripoti bado sijaimaliza.
Hamdun ataka kujua kama ni matamu, hayo maji,
kama ni maji.
Amekifukua chungu kimoja kabla yangu,
vidole vyote buluu,
anavisugua kwa mchanga
na havitoki.