Usiku Uliobaki

Mkweche wangu uliwahi kuajiriwa na benki Dubai:
kibandiko cha Kiarabu kimegandia ubavuni,
na feni inakohoa kila umeme ukirudi Wete.

Kwa mkweche huo nimechora nyumba kumi na saba.
Ya Faki Kombo, aliyetaka baraza pana na vidirisha vya duara;
ya Bi Mize wa Kizimbani, aliyebadilisha ngazi mara tisa
hata ngazi zenyewe zikamchoka.
Kila picha niliitia usiku kama mkate wa mofa,
ikajitokeza mstari kwa mstari,
nami pembeni namenya vitunguu thomu vya mama,
nasubiri kivuli kimoja kiive.
Umeme ukikatika saa tisa tunaanza upya,
mimi na ukuta.

Juzi Shaame kaja na boksi kutoka Darajani.
"Kadi hii imestaafu," akasema.
"Ilikuwa Dar, ikichimba pesa za hewani."
Nikainusa: sufuria iliyosahauliwa motoni.
Nikalipa ya Faki yote, na nusu ya Bi Mize.

Tukaulaza mkweche mkekani. Bisibisi, brashi ya rangi,
simu mdomoni mwa Shaame, inamulika.
Ndani, vumbi la miaka sita limeshonana kama blanketi,
na ubavuni mwa kadi kongwe
maganda mawili ya mayai ya mjusi kafiri.
Kumbe joto la nyumba zangu
lilikuwa likilea watoto wa watu.

Kadi ndefu, kasha fupi.
Shaame akakata bati kwa msumeno;
mama, chumbani, akauliza kunachinjwa nini.
Pawa saplai nayo ikagoma, wati zake hazimtoshi mgeni.
Tukaazima ya skuli, kwa siri ya mwalimu wa hesabu.
Kioo cheusi.
Cheusi.
Tukachomoa, tukafuta meno ya shaba kwa raba ya penseli,
tukasukuma mpaka ta!

Nyumba ya kumi na nane: dakika nne.
Jua la alasiri limekaa barazani,
kila tofali na kivuli chake,
hata ndoo ya maji ina mbingu ndani.
Shaame akaondoka na kadi kongwe mfukoni,
itawafaa skuli, iwe fidia.

Saa mbili usiku, kazi imekwisha.
Vitunguu vimo kikapuni na maganda yao.
Usiku mzima umenibakia mikononi
kama chenji nisiyoijua hesabu yake,
na saa tisa, kwa mazoea, naamka
kwenda kuutazama ukuta
ulioiva tangu jana.