Ratiba ya Fundi wa Mizani

Kasyoka, mkoba huu sasa ni wako.
Bisibisi tatu, brashi, kopo la mafuta,
na mawe ya kupimia. Mawe usimwazime mtu.
Kazi utaijua kwa mikono.
Mimi nataka kukufundisha kula.

Anzia Marikiti kabla hakujapambazuka,
malori ya viazi yakiwa bado yana joto la safari.
Usiguse mizani ukiwa na njaa,
mkono wenye njaa huongeza gramu.
Lango la chini yuko Jerusha,
uji wake wa wimbi umechachuka barabara
ndani ya ndoo aliyoivalisha sweta ya shule.
Sema "kubwa." Kunywa umesimama.

Saa nne uko Burma.
Wachinjaji watakuita injinia, watakukatia maini.
Yakatae. Mizani iliyolishwa haisemi kweli,
na fundi vilevile.
Supu ujinunulie kwa Otiato, meza ya bati,
kikombe kimoja, ndimu nusu,
na pilipili ya kukutoa machozi
ya watu uliokusudia kuwalilia
ukakosa nafasi.

Mchana usikae mjini, mji una kelele ya kutafuna.
Panda hadi City Park na parachichi lako na mkate.
Keti mgongo ukutani:
tumbili wa pale wamesomea kwa askari wa kanjo,
hukagua mfuko, huchukua chao,
risiti hawatoi.

Eastleigh nenda umeoga.
Mizani ya sonara ni ndogo kama sahani ya mwanasesere,
hata pumzi yako ina uzito pale,
hata wasiwasi.
Ukimaliza vuka barabara kwa Ardo,
chai ya maziwa ya ngamia, iliki, tangawizi,
sukari ambayo daktari wangu hajaambiwa.

Sasa nisikilize vizuri.
Majengo, nyuma ya msikiti, Bi Zulfa anauza viazi karai.
Hana mizani. Hupima kwa kiganja.
Miaka kumi nilikula pale nikimshuku,
ndiyo tabia ya kazi yetu.
Siku moja nikabeba mafungu sita nyumbani,
nikafunga mlango, nikayapima.
Robo. Robo. Robo.
Moja tu lilizidi, gramu mbili,
na hizo mbili zilikuwa upande wa mteja.
Kesho yake nilikula kichwa kimeinama,
nikamwambia ni ukwaju umenikaa kooni.

Jioni, mutura wa Shauri Moyo, chini ya balbu ile inayopepesa.
Usiulize kilichomo.
Yapo maswali ambayo kachumbari imeshayajibu.

Na ukitaka kuona mji, si lazima ulipe.
Jengo la mashine za kushonea, River Road, ghorofa ya saba,
mwambie Wafukho mlinzi nimekutuma mimi.
Asubuhi mbili tatu kwa mwaka, baada ya mvua,
Mlima Kenya hujitokeza kule kaskazini,
mweupe, mdogo, kama chumvi kwenye ukingo wa sahani.
Nusu saa, halafu mawingu.
Mimi nimeuona mara nne. Mara moja nilikuwa na Nduta.

Kibanda alichonipendea Nduta usikitafute.
Kilikuwa karibu na Muthurwa, chai na mandazi mawili,
kilibomolewa usiku, asubuhi tukakuta kokoto.
Sasa ni lami. Ijumaa bado nasimama pale kando
na chupa yangu ya chai, namimina vikombe viwili,
navinywa vyote.
Usinihurumie, chai ni nzuri.

Wajuao watasema ratiba hii haina vina,
mizani yake imeyumba.
Waambie mwandishi alitumia maisha yake
kunyoosha ya wengine.

Kabla ya kupima chochote, rudisha mshale kwenye sifuri.

Kuhusu samaki wa Gikomba,
na yule mama anayemkaanga mara mbili,
hilo subiri.
Ulipwe kwanza mshahara wa pili,
uje uninunulie, ndipo nikuonyeshe njia.